Gumba la Baba kwenye Mtutu

Agripina dada yangu, Stefani mdogo wangu, sogeeni mtege masikio, maana kaka yenu niliyeitoroka shule kabla shule haijanijua jina leo natoa somo, na kwa mapafu haya halitarudiwa. Sina mke wala mtoto. Warithi wangu ndio nyinyi, Mungu anionee huruma.

Mashua achukue Stefani, japo hata mawe yanamshinda kuelea. Nyumba na bafu la mvuke ni vya Agripina, na Jumamosi akiwasha moto asimfungie mwenzake nje, hata kama wamenuniana. Bunduki ya baba ni yenu nyote, na hiyo ndiyo niliyowaitia.

Mnaujua mng'ao wa chuma kile. Mvua ya kisiwa hiki cha Kodiak imeshindwa kukitia kutu, lakini jua likichungulia tu, kulungu wa mlima wa pili wanakitumia kama kioo. Ndipo baba akaamua kuipulizia rangi. Akaikwaruza kwa msasa, maana chuma laini hakishiki rangi, akaiosha mafuta yote, akaitundika kwa waya. Halafu mzee yule akala samaki wa samoni wa moshi, akaushika mtutu kwa gumba lenye mafuta! Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wa baba ungelambwa na dubu wa kisiwa kizima. Rangi ikakaukia kwenye oveni ya mama, ikapendeza, na vuli iliyofuata ikabanduka mahali pamoja tu, umbo la gumba lake.

Nilimcheka hadi akanikimbiza. Tangu bahari imchukue, kila nikipanda mlima gumba langu hukaa palepale, kwenye kile chuma baridi, namsikia akinung'unika, "Polepole, wewe miguu ya ng'ombe." Vuli hii sipandi. Nalitamani lile tope, jamani. Hata kutetemeka nakutamani.

Stefani, bunduki umeitoa risasi? Umeikwaruza, umeiosha, tayari kwa rangi mpya? Na pale pa baba?

"Nimepabandika utepe, kaka. Sijapagusa."

Kumbe una akili, ulikuwa unaificha. Agripina, nipe kipande cha samoni.

"Daktari amesema usile."

Nani kasema nakula? Nipakeni mafuta yake gumbani. Leteni mtutu… karibu zaidi, mkono hauinuki. Hapa, kando ya baba. Nikandamizie, dada. Liache kwanza.

Basi. Msipafute. Pulizeni tabaka jembamba, kisha jingine, na siku ya oveni msioke mkate wa samaki, tulishakula rangi ya kutosha utotoni. Itatoka nzuri, Stefani atajisifu kama mimi. Halafu vuli moja, huko juu mlimani, itabanduka na hapa pangu. Msipapake tena.

Mungu awape miguu mikavu… nyama… na ugomvi mdogo, wa kuwachangamsha. Pandeni pamoja. Mkigusa pale, baridi… nimefika.

Polepole, basi… wewe miguu ya…