Historia ya Kaka Yetu Bado na Gari la Harusi Yake

Wafiwa wenzangu, majirani, mafundi wa gereji zote na nyinyi mliosimama mpaka huko getini, mimi ndiye mdogo wake wa mwisho marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake na haikukosea kunichagua, kwa sababu shule sikukaa sana lakini mdomo wangu umesoma mpaka juu, maneno yote ni yangu, mkono ulioandika ni wa binti yake mkubwa, na yeye kanipunguzia kila mahali akisema, "Baba mdogo, hapo umezidisha," kwa hiyo mtakachosikia leo ni ukweli uliokwisha chekechwa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 2 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya sita, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kukoboa nafaka, baba akiwa ndiye mwendesha mashine hiyo na mama akishona nguo za watu barazani, na mama alikuwa akisema huyu mtoto kabla hajajua kutembea vizuri alishafungua skrubu ya cherehani akaitia mdomoni, siyo kwamba alitaka kuila, alikuwa anaisoma. Alipofika miaka sita aliifungua saa ya mezani ya baba, akaifunga tena, ikatembea vizuri kuliko mwanzo, lakini mkononi ikambakia skrubu moja ndogo kama punje ya mtama, akalia kutwa nzima, baba akamuuliza, "Saa inafanya kazi, sasa unalia nini?" naye akaionyesha ile skrubu, akasema, "Na hii ilikuwa ya nini?" Ndugu zangu, mkitaka kumjua kaka yangu lishikeni swali hilo, maana ndilo alilokuja nalo duniani.

Alianza shule mwaka 1965 akamaliza darasa la saba mwaka 1971, kwenye kuchora hakuwa na mpinzani, mwaka 1973 akaingia gereji ya mabasi kama fundi wa bodi, kunyoosha mabati, kupiga msasa, kupuliza rangi na kuvisha viti, na mwaka 1989 akafungua gereji yake mwenyewe, ile ya geti la bluu mnayoijua. Huko ndiko alikopata jina la Bado, kwa sababu mteja anakuja kuchukua gari lake, linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, anauliza, "Tayari, fundi?" na kaka anajibu, "Bado," anauliza tena, "Bado nini, mbona limeisha?" na kaka ananyoosha kidole kwenye kijiraba cha mlango ambacho hata aliyelitengeneza gari alishakisahau. Watu walikasirika, wengine walitukana, na wote walirudi, mimi nimeona gari limevutwa kutoka mpakani kuja kwake, na hapo binti yake ameandika neno "inasemekana", basi sawa, inasemekana.

Tarehe 13 Agosti 1983, siku ya Jumamosi, kaka alimwoa shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, binti wa fundi saa, na waliendeshwa kwenye teksi ya mzee mmoja tuliyemwita Mzee Honi, gari la zamani hata wakati huo, mwili rangi ya maziwa na paa la kijani, bibi harusi kakaa nyuma kushoto, bwana harusi nyuma kulia, na mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano nikakimbia pembeni yake tangu mlangoni mpaka ukumbini, nikalipita. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyeshika kalamu hii, kijana wa kati aliye baharia, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2004 kaka alikwenda kununua mabati nyuma ya kiwanda cha matofali, akakuta gari limezama kwenye majani, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, akataka kupita, mara akaona kwenye bati la juu ya gurudumu la kushoto alama ya nyundo, akasimama, kwa sababu fundi anaijua nyundo yake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe, alama ile aliipiga yeye mwenyewe alipomnyooshea Mzee Honi bati miezi michache kabla ya harusi. Akaja nyumbani na lori, gari juu, na kuku mmoja aliyekataa kushuka, akamwambia mkewe, "Nitakupakia tena humu, lakini siku likiwa kama lilivyokuwa siku ile, sawasawa, pasipungue hata uzi." Shemeji akasema, "Mimi nilidhani umeleta mabati."

Injini haikumshinda, kusema kweli tuliiinua wawili, mimi upande mzito, lakini injini kwake ilikuwa kazi ya kuamkia tu, kilichomla miaka ni vile vidogo. Rangi ya kweli aliikuta chini ya raba ya buti, mahali ambapo jua halijawahi kufika, akakwangua kwa ukucha, tabaka kwa tabaka, mpaka akaifikia ile ya kwanza. Skrubu zote za ndani zilikuwa za mfereji mmoja, siyo hizi za nyota, akazitafuta kwenye magari mabovu, kwenye makabati ya jikoni, hata mlangoni kwangu, nikaamka mlango umelala sakafuni. Uzi wa viti aliufumua kwenye pindo akauhesabu mishono, taa ya dashibodi akaigombanisha na balbu za kila duka mpaka ikatoa ule ukijani wake wa majani ya mgomba, na siku moja chini ya zulia alikuta nati yenye mstari wa rangi ya njano, akakaa nao wiki nzima halali, anajiuliza nani aliupaka na kwa nini, ndipo akagundua ni alama ya mtu wa kiwandani, akikaza nati anaipaka mstari ili mwenzake ajue imekazwa. Akausafisha, akaupaka upya palepale, akafunika zulia. Nikamwambia, "Kaka, hiyo nani ataiona?" Akanijibu, "Na yule aliyeupaka mwanzo, nani alimwona?"

Mwaka 2023 gari lilipungukiwa kitu kimoja tu, kile kirungu kidogo unachokishika ukizungusha kioo kipande au kishuke, cha mlango wa nyuma kushoto, kwa sababu milango mingine mitatu ilikuwa navyo, vyeusi, laini, vya kiwandani. Akakitafuta, akakipata, cheusi, pacha wao kabisa, akakifunga, akamwita mkewe aje akae, nasi tukapiga makofi. Shemeji akaingia nyuma kushoto, akakigusa, akasema, "Siyo hiki."

"Siyo hiki vipi? Hicho ndicho chenyewe, cha kiwandani."

"Mimi sijui kiwanda. Siku ile niliogopa, nikakishika njia nzima, kilikuwa cheupe na kinakwaruza."

"Mke wangu, hawakuwahi kutengeneza cheupe."

"Basi nimeolewa kwenye gari lingine."

Ndugu zangu, nyumba iligawanyika, watoto upande wa mama yao, mafundi wote upande wa kaka, na mimi nilikuwa mkuu wa mafundi kwa sababu hayo magari nayajua kuliko walioyaunda, na shemeji akasema hapandi hata kama litasafiri mwezini. Tukaenda mpaka kwa Mzee Honi, yuko kwa binti yake, macho hayaoni tena lakini akili inawaka, kaka akamtia kile kirungu cheusi mkononi. Mzee akakizungusha, akauliza, "Hiki cha mlango upi?" tukamwambia nyuma kushoto, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Cha nyuma kushoto alikivunja mlevi, mimi nikachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe, kwa kisu butu, kikawa na miraba kama hindi." Tulipofika getini kaka akaanza kucheka, akaniambia, "Miaka ishirini natafuta gari lilivyotoka kiwandani, kumbe mwenzangu anatafuta lilivyokuwa siku ile, na ahadi niliyotoa ni ya siku ile."

Mwezi Oktoba 2024 ndipo alipoanza kubanwa kifua, madaktari wakasema mapafu yamechoka kwa vumbi la rangi la miaka mingi, na walitueleza bila kuficha kwamba hatamaliza miezi mitatu. Akaomba mfupa, kisu na tupa. Akawa anachonga kitandani, hospitalini na baadaye nyumbani, dirisha wazi, barakoa usoni, analowanisha mfupa kwanza ili vumbi lisipae, akimaliza kimoja anampa shemeji, shemeji anafumba macho, anakibana kwa vidole, anasema, "Bado." Yeye Bado mwenyewe anaambiwa bado! Muuguzi alicheka mpaka akaangusha trei. Anauliza, "Kina nini?" anajibiwa, "Miraba imezidi kina," anachonga kingine, "Sasa imepungua," anachonga kingine, na miezi mitatu ya madaktari ikapita, ikaja mvua, ikakatika, naye anachonga.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, nyumbani barazani, nami nipo, kisu kilimponyoka, akakitazama tu, hakuinama. Shemeji akafungua fundo la kanga yake, akatoa kirungu cheupe, akamwekea kiganjani, akasema, "Ndiyo hiki." Kaka akakigeuza, naye anaijua kila alama ya kisu chake, akamwangalia mkewe, akasema, "Hiki ni cha Januari. Uliniambia umekitupa." Shemeji akasema, "Ningekwambia tayari, kesho yake ungeshika nini?" Kaka akacheka, kicheko kile cha pumzi fupi, akasema, "Mwongo mkubwa wewe," na shemeji akamjibu, "Vaa viatu, nina harusi."

Niliendesha mimi, dereva bora mliyewahi kumwona, na hilo binti hajalikata, wao wawili nyuma, kushoto na kulia kama siku ile, tukapita geti la bluu, tukapita mashine ya kukoboa, na mimi huko mbele nikawa nasikia kioo kikishuka, kikipanda, kikishuka tena. Tulipokata kona ya kurudi nikamwona kwenye kioo changu, mkono wake juu ya mkono wa mkewe, nikamuuliza, "Tayari, fundi?" akasema, "Tayari." Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, alfajiri, kitandani kwake, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia unga wa mifupa kwenye mashuka yao, majirani waliotupikia na kutubebea viti, mafundi wenzake waliofunga gereji wiki hii, na Mzee Honi aliyeletwa hapa akishikwa mkono. Gari liko getini, shemeji atapanda nyuma kushoto mpaka makaburini, na kioo kile asikiguse mtu. Kile kirungu cheusi cha kiwandani, kilichobaki, tumekitia mfukoni mwa shati lake, maana safari hii akiuliza hiki kilikuwa cha nini, jibu analijua mwenyewe.

Kaka, nimekagua kila nati, hakuna bado nyingine, pumzika kwa amani.