Swichi ya Sema na Lia

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ndugu walimu wa karakana, wanafunzi mliobanana mpaka mlangoni, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu uliyenikataza kuongea mengi: hamjambo.

Nimeombwa nimuage Fundi, anayestaafu leo. Mimi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, na ni mpiga gitaa. Kwa hiyo nina haki ya kumtania, ila kumdanganya sina. Nitazungumzia boksi hili la mbao lililo mbele yenu, amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake kutokana na mabaki ya redio mbovu.

Mliokaa mbele, mnaziona hizo valvu, vichupa vya kioo vinavyoanza kuwaka rangi ya chungwa? Haziharakishwi. Ukiwasha unakaa, unangoja zipate moto, na katika kungoja huko mchana wote wa karakana unalainika. Vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na mtu anasahau alikuja na haraka gani. Nani kati yetu aliwahi kukaa pale na Fundi akaondoka na hasira aliyokuja nayo?

Sasa tazameni swichi. Upande mmoja, sauti ya gitaa inakuzwa na valvu moja tu, inatoka safi, ya kiungwana. Ukiigeuza, sauti hiyo hiyo inapitishwa valvu ya pili, inakuzwa tena mpaka inazidiwa, inakwaruza, inapasuka. Hatua ya kwanza Fundi aliiita SEMA, ya pili LIA. Akaandika kwa rangi nyeupe, mwandiko wa kupendeza. Halafu huyu mliyemsikia akisifiwa hapa kwa umakini wake akaunga nyaya za swichi kinyume.

Tuligundua harusini. Bibi harusi anaingia, naweka SEMA nimsindikize taratibu, ikatoka ngurumo hata shangazi wa bwana harusi akaangusha pochi. Nikamwambia Fundi arekebishe. Akasema mkono wangu utazoea. Na kweli ulizoea, bendi nzima ikazoea, na ugonjwa ukahamia nyumbani kwake. Mpaka leo, Fundi akipandisha sauti mezani, dada yangu humwambia, "Mume wangu, lia kidogo," naye anashusha. Wageni hutoa macho. Sisi tunaendelea kula.

Ndugu zangu, mnajua kwa nini anastaafu kabla ya wakati wake? Ni masikio. Daktari alimwambia moja limeshakwenda na la pili liko njiani. Siku hiyo nilikuwepo. Alikaa sebuleni akiizungusha kofia mkononi, chakula kikapoa mezani. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza, aliyeitambua valvu mbovu kwa mvumo wake, angebaki na nini? Dada akamsogelea upande wa sikio zima, akamwambia neno moja tu.

"Sema."

Na katika nyumba ile, waheshimiwa, maana ya neno hilo sasa mnaijua. Fundi akalia. Alilia mpaka bega la dada likalowa, nami nikatoka uani nikajifanya naanua nguo ambazo hazijakauka. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tangu hapo, nikifanya mazoezi, huja akaweka kiganja juu ya boksi na kufumba macho. Mbao zikitetemeka kidogo, hutabasamu. Nikigeuza swichi, mtetemo ukampanda mpaka kwenye kiwiko, hucheka peke yake, na wakati huo naona kama hajapoteza kitu.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nimesikia amplifaya hii itabaki karakana, na kwamba vijana wameshaandaa rangi ya kuyasahihisha maandishi. Nakuomba sana, kwa niaba ya dada yangu: yasiguswe. Waya zikilegea, walehemu. Maneno wayaache yalivyo.

Shemeji, najua nusu ya haya hukuyasikia, na pengine ni heri yako. Njoo uweke mkono, valvu zimeshapata moto.

Nawashukuru walimu waliofanya naye kazi, namshukuru dada aliyetuazima mume. Ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza kwa masikio. Yeye atanisikiliza kwa kiganja. Naweka swichi kwenye SEMA.