Siku Kasri Lilipomwita Bibi Diamante

Benchi letu liko kwenye kona ya geto, mtaa wenye lango tuliotengewa sisi Wayahudi, mkabala na sinagogi, pale Konsolo anapouzia kahawa. Asubuhi ile kahawa ilipoa vikombeni. Kibali chetu cha kuishi mjini, ambacho Duke, mtawala wa mji, hutupa kila miaka kumi, kilikuwa kimeisha wiki tatu zilizopita, na mapadri walikuwa wakimshauri asitupe kingine. Basi wakaja askari wawili wa kasri. Hawakuwaita wazee wa jumuiya. Walimchukua Bibi Diamante, mkunga wetu, wakaondoka naye.

— Mkunga wa nini kule? nikauliza.

— Mke wa Duke ana mimba, akasema Vitale, ambaye tunamwita Masikio.

— Juzi tu kazika mtoto, Masikio, nikamwambia. Kengele zote zile hukuzisikia?

— Basi watasema Bibi kamroga huyo mtoto.

— Funga mdomo, akasema Graziadio. Huyu anauza nguo kuukuu, lakini kwa ubishi wake tulimpa jina la Wakili. — Huo ni mtego wa kibali. Watamhoji, atajikwaa neno moja, sote tufunge virago.

— Au wanambatiza, Wakili, akasema Masikio. Kesho anarudi hapa anaitwa Maria.

— Na miaka sabini yake?

— Maji yana habari na umri wa mtu?

— Mimi naona Duke mwenyewe anataka kuwa Myahudi, akasema Konsolo akimimina.

— Yule? Na anavyopenda nguruwe?

Tulicheka, ila kila mmoja jicho lake lilikuwa langoni. Mwishoni mwa benchi alikaa Duarte, mgeni aliyetoroka Lisboni, kule Ureno, hana hata mwezi kwetu. Yeye hakucheka. Kwao, Myahudi akichukuliwa na askari, hakuna anayemsubiri.

Adhuhuri Bibi Diamante akarudi kwa miguu, peke yake, begani utepe wa njano tunaolazimishwa kuvaa sisi Wayahudi. Wakili akamkimbilia.

— Bibi, wamekufanya nini?

— Hawajanifanya kitu. Niache nipumue, mwanangu.

— Wamekuuliza nini?

— Mke wa Duke kasikia kwamba nilizika watoto watatu katika wiki moja, mwaka ule wa ndui. Kaniuliza mtu anaamkaje asubuhi baada ya hapo.

Konsolo akaweka birika chini.

— Ukamjibu nini? nikauliza.

— Nilimwambia sijui. Unaona tu umeshaamka, na maji yanatakiwa kuchotwa. Akasema yeye hachoti maji. Nikamwambia basi amsuke nywele yule binti yake mdogo, kwa mkono wake mwenyewe. Tukalia. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka saa sita.

— Na kibali? Bibi yangu, ulikuwa umeshikwa mkono na mke wa Duke!

— Nilikiwaza, Wakili. Lakini yule alikuwa anamlilia mwanawe. Ningemwombaje kitu pale?

Wakili alishika kichwa, akarudi kukaa. Nilimkasirikia Bibi, sitaficha. Nina watoto wanne, na sikujua ningewapeleka wapi. Niseme hapa kwamba kibali kilitoka mwezi uliofuata, cha miaka mitatu tu badala ya kumi. Kama mkono ule ulichangia, hadi leo hakuna ajuaye.

Lakini mchana ule Duarte ndiye aliyefungua kinywa, kwa Kitaliano chake cha kuokoteza.

— Na wewe, mama? Wiki ile ya watoto wako, nani alikaa nawe?

Bibi Diamante akatutazama, mmoja mmoja. Masikio akainamia kikombe. Mwaka ule tuliogopa ndui. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka hapa, nasi tulikuwa tukipita upande wa pili wa njia. Siku saba za matanga alizikaa peke yake.



Wakili akasogea, kisha mimi, hadi nafasi ikapatikana, ingawa wanawake hawakai pale. Bibi akakaa. Konsolo akampa kikombe.

— Walikuwa wanaitwa nani? akauliza Wakili, taratibu.

— Mkubwa alikuwa Lazaro, akasema Bibi Diamante. Alikuwa na kigugumizi.

Na tukamsikiliza.