Sufuria ya Mama Tshiela

Mama Honorine Tshiela alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Dilala, Kolwezi, mtoto wa tatu wa Tata Tshilombo, mchimbaji wa shaba aliyetoka Kasai. Wako waliomwita Honorine mgeni mpaka uzeeni. Mgeni gani huyo, aliyekuwa Dilala kabla ya nusu yao kuzaliwa?

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akajifunza ushonaji kwa masista, na kwa miaka thelathini na minne alishona sare za watoto wetu. Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Godefroid Kalombo wa Lubudi. Mwaka 1993 ndugu zake walipofukuzwa Katanga kwa kuwa asili yao ni Kasai, wakapanda treni ya kurudi huko, yeye alibaki na mume wake.

Kanisani hakuna aliyemtukana. Walimpokea kwa tabasamu, lakini kila Pasaka, kwenye chakula cha pamoja, sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, ilirudi nyumbani haijaguswa. Aliyekuwa akigawa chakula ni wifi yake Fidélie, na ndiye aliyeisukuma sufuria ile nyuma ya mlango, mwaka baada ya mwaka. Ndiye pia anayewasomea wasifu huu, na hana tena sababu ya kuficha.

"Honorine, ubakie tu ku nyumba," mumewe alimsihi.

"Kule ni kwa Baba yangu," alijibu. "Mutoto haombake ruhusa ya kuingia kwabo."

Pasaka ya 2001 zamu ya kubariki chakula ilimwangukia Honorine. Akafumba macho, akapaza sauti: "Bwana Yesu, bariki mama Fidélie, hata kama anafichaka sufuria yangu nyuma ya mulango. Weye ulikula na batu bote. Mufundishe."

Watu wakakosa pa kuweka macho. Akaenda mwenyewe, akaitoa sufuria, akampakulia wifi yake kabla ya wengine. Fidélie alikula, akaona aibu, akaomba aongezwe.

Kisukari kilimshika Honorine mwaka 2019, kikamharibia figo. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fidélie.

Ameacha mume, watoto wanne, Mechack, Falonne, Jémima na Glodi, wajukuu kumi na mmoja, na wifi mmoja. Leo sombe ya matanga imepikwa katika sufuria yake, nayo iko mezani, mbele ya wote. Hakuna atakayeondoka bila kuonja.

Mama Tshiela, umefika kwenu. Pumzika kwa amani.