Gari la Kwaya la Mzee Pelenato

Talofa, wasikilizaji wapendwa. Tandikeni mikeka, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mzee Pelenato wa kisiwa cha Savai'i, dereva wa gari la kwaya. Nasema dereva, ingawa safari nyingine gari hilo lilifika kanisani kwa miguu ya waimbaji.

Lilikuwa basi dogo, kuukuu. Mabomba ya kupozea oili ya gia yalikuwa yameliwa na kutu, na oili ilidondoka usiku kucha. Kila asubuhi mkewe, mama Masina, alichomoa kipande cha kadibodi chini ya gari na kumwonyesha mumewe madoa. "Baba Ioane, mgonjwa wako kakojoa tena."

Fundi wa mjini alisema liuzwe chuma chakavu. Pelenato akanuna kutwa nzima, kisha akasema atalitengeneza mwenyewe. Basi Jumamosi moja akalala chini ya gari. Akang'oa mabomba ya zamani, akafunga mapya. Akafungua nati, akamwaga oili yote ya gia, imeshakuwa nyeusi ti. Hapo baragumu la sala ya jioni likalia. Nanyi mnajua, baragumu likilia kila mtu ndani. Vijana wa kijiji wameshasimama barabarani, na faini ya atakayekutwa nje ni nguruwe.

Pelenato akarudisha nati haraka, akanawa, akaingia kusali. Alisali kwa kirefu, hata gari akaliombea. Baada ya sala kulikuwa na magimbi na samaki wa tui. Akala, akashiba, akalala. Oili mpya ikabaki ndani ya dumu, barazani.

Jumapili kwaya nzima ikapanda, imevaa nyeupe. Injini ikanguruma. Gia ikaingia. Gari, wapi! Waimbaji wakashuka, wakasukuma hadi kanisani, Pelenato kashika usukani kama waziri. Masina naye alisukuma, huku akimsema dirishani: "Umeombea kila kitu, oili tu ndiyo umeisahau."

Kijiji kilicheka miaka. Pelenato naye akaapa mbele ya kwaya kwamba siku yake ya mwisho gari hilo litampeleka kanisani lenyewe, bila kusukumwa.

Mwezi uliopita alianza kazi ile ile tena: mabomba mapya, oili mpya. Siku hiyo hiyo kifua kikambana. Akabebwa hadi ndani ya nyumba, hakutoka tena akiwa hai. Kazi ilikuwa imefika wapi? Hakuna aliyejua.

Mwanawe Ioane alikuja kutoka ng'ambo, Auckland, akataka kukodi gari la mazishi. "Mama, likigoma njiani na jeneza ndani, watu watacheka."

"Walicheka akiwa hai, naye akacheka nao," Masina akamjibu.

Lakini mama Masina alituambia kuwa naye aliogopa. Hakuogopa kicheko. Aliogopa kwamba kiapo cha mumewe kitavunjika mbele ya kijiji, na marehemu hayupo kujitetea. Asubuhi ya mazishi akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Oili ilikuwa nyekundu, safi, mpaka kwenye alama. Mzee alikuwa amemaliza kazi. Masina akakaa kwenye bampa, akalia sana.

Jeneza likapakiwa. Ioane akawasha, akatia gia, gari likaondoka lenyewe. Lakini kwaya ilikuwa imeshajipanga nyuma, mikono kwenye bati, kwa mazoea. Hakuna aliyeondoa mkono wake. Hawakusukuma, wasikilizaji wapendwa. Walishika tu, wakiimba, hadi mlangoni mwa kanisa.

Tunawapa pole mama Masina, Ioane na wanakwaya wote. Nasi tujiulize: ni kazi gani tuliyoiacha baragumu lilipolia, tukala, tukashiba, tukaisahau?

Mama Masina bado anatandika kadibodi yake kila jioni. Jana nilimpigia simu, nikamuuliza asubuhi ameona nini.

"Kavu kabisa," akasema. "Sasa nitamgombeza nani?"