Violeth Anaeli Msuya, Aliyekataa Kumuua Zawadi

Marehemu Violeth Anaeli Msuya alizaliwa tarehe 9 Agosti 1975 Ilala, Mtaa wa Lindi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Anaeli Msuya, fundi cherehani wa Kariakoo, na mama Nakijwa, wote sasa marehemu. Alikuwa mtoto wa maswali. Mteja akija kupimwa gauni, Violeth alimuuliza linakwenda shughuli gani, na akishajibiwa alitaka kujua huko atakutana na nani. Mzee Anaeli alimfukuza kwa tepu ya kupimia, naye akarudi kupitia mlango wa uani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1983, akamaliza la saba mwaka 1989 na kuchaguliwa kwenda sekondari. Juni 1992, akiwa kidato cha tatu, aligundulika ana mimba. Alifukuzwa asubuhi, mstarini, wenzake wote wakitazama. Ukoo umeomba habari hii irukwe leo. Hairukwi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuiruka hata siku moja, na vitabu vyake vyote vilitoka humo. Sophia, binti anayesoma wasifu huu, alizaliwa tarehe 27 Desemba mwaka huo huo. Kijana aliyehusika alimaliza kidato cha nne salama salimini, na picha yake ya mahafali ikatundikwa dirishani kwenye studio moja ya Mtaa wa Msimbazi. Violeth aliipita kila alipokwenda kazini, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka jua likaifuta sura.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia vifungo kwa baba yake. Kisha alijifunza kupiga chapa, na mwaka 1997 akaajiriwa katika steshenari ndogo Mtaa wa Mchikichi, akichapa mikataba ya vyumba, maombi ya kazi na tasnifu za wanachuo. Wateja wakipungua, aliandika ya kwake.

Tarehe 17 Novemba 2001 alifunga ndoa na Yonazi Mbwambo, fundi redio. Wazee wa kanisa waliamua asivae shela kwa kuwa alikwisha kuzaa. Alivaa gauni la kijani alilolishona baba yake, akapita katikati ya kanisa kichwa juu. Wakahamia Magomeni, na mwaka 2003 wakapata mtoto wa kiume, Mbonea. Yonazi hakuwa mtu wa kusoma. Kila mkewe alipotaka kumsimulia kitabu kipya, alimkatiza: "Ngoja kwanza. Wanaoana au hawaoani?" Akiambiwa wanaoana, ndipo alipozima redio akasikiliza.

Aliyesikiliza bila masharti alikuwa jirani na mpangaji mwenzao, Maimuna, muuza vitumbua. Violeth alimsomea kila sura uani, Maimuna akigeuza vitumbua na kugomba: "We Vai, huyo mvulana muongo, mwambie binti amuache!"

Riwaya zake zilikuwa za mapenzi ya vijana walioumizwa kabla hawajajua kupendwa. Iliyompa jina na kumtia uchungu ni *Tusianze na Jana*. Humo Zawadi, binti aliyefukuzwa shule na mwanawe mgongoni, anapendana na Kasimu, kijana aliyetoka mahabusu ya watoto. Mwishoni Zawadi anaingia darasa la jioni, na Kasimu anabaki getini na mtoto, akimsubiri. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa hapa mjini aliupenda mswada, ila mwisho ukamkera.

"Dada, hiki watasoma wanafunzi," alimwambia. "Binti kakosea, lazima msomaji ajifunze. Mpe ukimwi, au mpitishe chini ya lori."

"Na baba wa mtoto?"

"Huyo aombe msamaha."

Violeth alikataa. Mchapishaji akasema sawa, tutaangalia. Kitabu kilipotoka, Violeth alikikuta kwenye duka la vitabu la Bwana Girish, karibu na soko. Alifungua kurasa za mwisho akiwa amesimama, kisha akatafuta pa kukaa.

"Wamemuua," alisema.

Bwana Girish akaja mbio. "Nani kafa, mama?"

"Zawadi. Wamempitishia lori."

Alikwenda kwa mchapishaji, akaambiwa mkataba unaruhusu marekebisho. Alikwenda kwa mwanasheria, akaambiwa kesi itakula miaka. Basi akachapa upya sura yake ya mwisho, akatoa kopi, akarudi dukani na stepla. Alikaa kwenye kigoda akibana mwisho wa kweli nyuma ya kila nakala. Mchapishaji alimtuma mtu kuja kufoka. Bwana Girish akageuza kitabu, akamwonyesha jalada.

"Mwenye jina hili ndiye huyu hapa. Jina lako wewe liko ukurasa gani?"

Yule mtu akaondoka. Lakini hilo lilikuwa duka moja. Nakala zilikwishafika Mwanza, Mbeya na Tanga, nazo zikachapwa tena na tena, lori likiwemo. Wasichana walimtumia ujumbe wa simu: mbona umemuua? Na mimi nina mtoto, kwa hiyo nife? Aliwajibu mmoja mmoja, akiwasimulia mwisho wa kweli, mpaka vidole vikauma. Kwa upande mwingine, shangazi na wazee wa kanisa walimuuliza lini ataacha uhuni aandike vya Mungu. Novemba 2021 ilipotangazwa kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi shule, watu walimpigia simu kumpongeza. Alizima redio. "Sasa ndio wanakumbuka," alisema, "mimi nikiwa bibi?" Siku hiyo hakula.

Alisumbuliwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na dawa alizinywa akikumbuka. Tarehe 19 Januari 2025 alianguka akiwa kazini. Upande wa kulia ulipooza, na sauti ikamkatika. Kwa mtu wa maneno, hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko maumivu. Alitaka maji akaletewa mto, akautupa.

Jioni moja hospitalini, saa za kuona wagonjwa, muuguzi kijana alisoma jina kwenye faili, akashtuka.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mwandishi? Nilikusoma shuleni. Nililia sana. Kwa nini ulimuua Zawadi?"

Violeth alifungua kinywa, yakatoka mafundo ya sauti yasiyo na neno. Akajaribu tena. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, machozi ya hasira yakimtoka, muuguzi akaogopa akidhani kamdhuru. Maimuna, aliyekuwa amekaa miguuni, akasimama.

"Hajamuua mtu huyu! Kaa hapo usikilize."

Akaisimulia sura ya mwisho yote, kwa kichwa, kwa sauti ya kuuzia vitumbua. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajigeuza kusikiliza. Alipofika getini akasema Kasimu alikuwa amevaa shati jeupe. Violeth akatikisa kidole: hapana. Maimuna akafikiri. "La bluu?" Kidole kikatulia. Hadithi ikaendelea mpaka Zawadi akatoka darasani na chaki kwenye mikono, mtoto akamkimbilia. Mwanamke wa kitanda cha dirishani akasema, "Alhamdulillahi." Muuguzi alikuwa akilia, na Violeth akamshika mkono.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, alfajiri. Mchapishaji hajaubadilisha mwisho hadi leo. Familia imemwandikia, haijajibiwa, na itamwandikia tena.

Marehemu ameacha mume, Yonazi, watoto wawili, Sophia na Mbonea, mjukuu mmoja, dada na kaka, rafiki yake Maimuna, ambaye leo ameacha jiko lake bila moto, na wasichana wengi ambao familia haiwajui kwa majina, baadhi yao wamesimama hapa na watoto wao mgongoni. Wasogee mbele, waweke maua pamoja na wafiwa.

Mungu ampokee Violeth, ampe usingizi mtulivu.