Milango Tisa na Msichana Mmoja

Kwenye benchi ya Mohamud, muuza kahawa mjini Meru, hakuna anayekosa maoni. Kinachokosekana ni vikombe. Jumamosi hiyo Kobia, ambaye wenzake humwita Dairekta, alifika wa kwanza, shati limepigwa pasi kama la harusi. Wajomba zake walikuwa njiani kwenda kwa kina Kananu, msichana aliyetaka kumuoa, na ncoolo, ile miraa ya kuposa inayofungwa kwa jani la ndizi. Leo atapewa mke au atanyimwa. Heri kubishana kuliko kuwaza hilo. Jana yake yeye na wenzake wawili walikuwa wameona sinema ya mapenzi iliyochorwa-chorwa kama kitabu cha katuni: kijana anapigana na wajomba watano ili apewe msichana.

— Rangi, bana! akaanza Kobia. Jamaa akimwona msichana, moyo unatoka kifuani unatembea na miguu yake. Hapo waliweza.

— Na ngumi ikiingia, PAAA! kwa maandishi ya manjano, akasema Abdifatah, muuza simiti. Lakini wallahi, jamaa amegongwa na mlango, nywele haijasonga! Huo ni udhaifu.

— Udhaifu ni mbio, akasema Kiambi, wakili wa kijiwe asiyewahi kuingia kortini. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana jamaa alishinda.

— Sasa hiyo methali inaingia wapi? akauliza Abdifatah.

— Inaingia tu. Kunywa kahawa.

— Mimi nawaambia, akasema Abdifatah, hiyo sinema imelipiwa na fundi wa milango. Nilihesabu. Milango tisa imevunjwa! Nani anafaidika?

— Abdifatah, ulilala, akasema Kiambi. Hao wajomba ni mtu mmoja anabadilisha kofia. Na hata huyo mmoja hayuko. Jamaa ana malaria, anaota!

Kobia alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Pembeni alikuwa ameketi Karwirwa, mwalimu aliyehamia mtaa wa Kaaga majuzi, akisubiri kikombe chake.

— Samahani, wazee. Kwani msichana mwenyewe alikuwa anamtaka?



— Aliongea, akasema Kiambi. Ila maneno yake yalikuwa yanaandikwa juu ya kichwa.

— Yaliandikwa nini?

— Mwalimu, watu wanapigana, nani atasoma? Uliza Dairekta. Yeye ameiona mara mbili.

Wote wakamgeukia. Mara mbili, na Kobia hakuwa amesoma hata neno moja. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na si ya sinema tu. Alikuwa ameongea na mama yake. Ameongea na wajomba. Ameongea na mkulima wa kule mjini Maua kuhusu miraa nzuri. Kananu alikuwa amecheka naye dukani miezi minane, na Kobia akajipangia mengine yote peke yake. Hakuwahi kumuuliza kama anamtaka. Lo, mtu mzima na akili zake!

Akatoa simu papo hapo.

— Kananu, ni mimi, Kobia.

— Najua. Wajomba wako wako hapa na miraa. Baba ananiuliza wewe ni nani kwangu.

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Benchi yote ilisikia.

— Na... umemwambia nini?

— Nimemwambia ngoja kwanza. Wewe ulitaka nimwambie nini, Kobia?

— Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza, akasema Kobia. Unanitaka?

Abdifatah akaangalia viatu vyake. Mohamud akakusanya vikombe polepole, bila kumtazama mtu usoni.